Kampuni ya ulinzi wa tovuti inafuta kanuni zetu za fayawoli kila inapoongeza yake, kisha inausingizia mtandao wa Lamu

Wanajukwaa, assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Mimi ndiye mtunzaji wa tovuti ambayo wenye nyumba za wageni wa Mkomani, Langoni na Shela, pamoja na manahodha kadhaa wa mashua, wanaitumia kupokea wageni na malipo. Ulinzi wa tovuti hiyo tumeukabidhi kwa kampuni moja ya bara, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa bado tuna mkataba nayo. Lalamiko langu ni hili: kila kampuni hiyo inapobadilisha kundi la kanuni za fayawoli kwa skripti yake (programu fupi inayotuma amri yenyewe), inafuta kanuni nyingine zote zilizokuwemo, na ikiulizwa inakana.

Kwa wasiofanya kazi hii, fayawoli ninayoizungumzia si ile ya kompyuta ya ofisini. Ni ulinzi unaokaa mbele ya seva ya tovuti na kukagua kila ombi kabla halijafika ndani: limetoka wapi, linaelekea ukurasa gani, limebeba nini. Sisi tunatumia AWS WAF, huduma ya fayawoli ya Amazon. Humo kanuni hukusanywa katika makundi, kila kanuni ikiwa na namba yake ya kipaumbele, na ombi hupimwa kuanzia namba ndogo kwenda kubwa mpaka likutane na kanuni inayoliruhusu au kulizuia, na hapo ukaguzi hukoma. Kwa hiyo mpangilio una maana kubwa. Kanuni yetu ya kwanza kabisa huruhusu taarifa za malipo ya M-Pesa zipite, kwa sababu taarifa hizo hutumwa na mashine, na mashine haiwezi kujibu maswali ambayo kanuni za chini huwauliza wageni wanaotiliwa shaka.

Sasa njooni kwenye kosa lenyewe. Kundi la kanuni hubadilishwa kwa msimbo kupitia amri iitwayo UpdateRuleGroup. Amri hii haiongezi kanuni moja wala haipunguzi moja. Huondoa orodha yote iliyokuwepo na kuweka orodha yote uliyoituma. Mwongozo wa huduma yenyewe unalisema jambo hili waziwazi na kutaja hatua za kufuata: kwanza usome kundi lilivyo kwa GetRuleGroup, kisha urekebishe ulichokusudia, halafu urudishe maelezo yote kamili. Skripti ya kampuni hii hairuki hatua moja tu, inaziruka mbili. Inabeba kanuni zilizo katika faili lao, faili ambalo halijui lolote kuhusu yaliyoongezwa na upande wetu, na kuzituma hizo peke yake. Ni sawa na fundi aliyeitwa kuongeza boriti moja darini, akang'oa boriti zote za nyumba na kuacha ile yake.

Mtu anaweza kusema kwamba pengine huduma haikuwaonya. Iliwaonya, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kila kundi la kanuni lina tokeni ya kufuli, LockToken, ambayo hubadilika kila kundi linapobadilishwa. Huwezi kutuma mabadiliko bila kuionyesha. Ukileta tokeni ya zamani, maana yake kuna mtu amepita baada yako, na huduma hukataa kwa kosa liitwalo WAFOptimisticLockException. Kosa hilo limewekwa makusudi ili watu wawili wanaofanya kazi katika kundi moja wasifutiane kazi. Anayelipata anatakiwa arudi kusoma upya, aone kilichobadilika, akiunganishe na chake, ndipo atume tena.

Skripti yao inafanya nini inapopata kosa hilo? Inakwenda kuchukua tokeni mpya na kutuma orodha ile ile ya zamani. Wala haiichukui tokeni hiyo kwa GetRuleGroup, ambayo walau ingeleta na kanuni zilizopo; inaichukua kwa ListRuleGroups, amri ya kuorodhesha majina ya makundi, ambayo hurudisha tokeni bila kuonyesha kanuni hata moja. Yaani wamepata njia ya kupata ruhusa ya kuandika bila kuangalia wanachokifuta. Nimeusoma msimbo huo mwenyewe, kwa sababu walituletea nakala tulipoomba maelezo, na naamini aliyetutumia hakuwa amefahamu kilichomo. Mistari hiyo haikuandikwa kwa bahati mbaya. Mtu alikutana na onyo, likamkera, akaandika msimbo wa kulipita.

Madhara yake hayaishii kwenye skrini. Kampuni iliongeza kanuni inayodai jaribio la Captcha, lile fumbo la kuthibitisha kwamba wewe ni mtu si mashine, kwa kila ombi la POST, yaani linalotuma data kwenye tovuti, na kwa kuwa kanuni yetu ya kuruhusu taarifa za M-Pesa ilifutwa katika tendo lile lile, taarifa za malipo zikaanza kukutana na Captcha na kurudishiwa jibu la 405, yaani kukataliwa. Mgeni analipa amana, simu yake inampa ujumbe kwamba fedha zimetoka, lakini tovuti haijui kitu, na baada ya muda uliowekwa chumba kinarudi sokoni na kuchukuliwa na mwingine. Kisha mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda, au anavuka kutoka Mokowe na familia yake, akiwa na risiti mkononi, na Bi mwenye nyumba wa Shela anabaki akimwomba radhi kwa kosa asilolijua wala kulifanya.

Kwa manahodha hali ni mbaya zaidi. Safari ya kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hupita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mashua haipiti ila maji yakiwa yamejaa. Nahodha hawezi kumsubiri mtu wa bara amalize mkutano wake ndipo kanuni irudishwe. Maji yakishatoka, safari ya siku hiyo imekwisha, mafuta yameshanunuliwa na vijana wa chombo wameshaitwa. Nimewasikia wazee wa gati wakisema sasa kwamba ni afadhali kurudi kwenye daftari na fedha taslimu, na siwezi kuwalaumu, ingawa najua ni kazi kiasi gani ilifanyika kuwashawishi waiamini tovuti.

Madhara ya pili hayaonekani, nayo ndiyo yanayonitisha. Katika zile kanuni zinazofutwa zimo pia zinazozuia maombi yenye msimbo wa SQL (lugha ya hifadhidata, ambayo wadukuzi huitumia kuchomoa data) yanayolenga ukurasa wa kuingilia. Zikifutwa, ukurasa huo hubaki wazi mpaka mtu agundue. Tovuti hii ina namba za pasipoti za wageni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya na kusimamia data atoe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu kwamba data imevuja na watu wanaweza kudhurika. Atakayesimama kujieleza siku hiyo si kampuni iliyoandika skripti. Ni wenye nyumba wa Lamu.

Tulipowaandikia, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mtandao wa Lamu ni dhaifu, na kwamba wateja wetu hukatikiwa katikati ya malipo. Jibu hili limenichoma kuliko yote. Ni kweli kwamba mtandao wa huku una siku zake, na hakuna asiyejua. Lakini taarifa ya malipo haipiti Lamu hata kidogo. Inatoka kwenye seva za M-Pesa kwenda kwenye seva ya tovuti yetu, na seva hiyo haipo kisiwani. Fundi wa ulinzi anayelijua hilo na bado akatuandikia hivyo anatuona sisi watu wa kuambiwa lolote. Zaidi ya hayo, CloudTrail, daftari la kumbukumbu la AWS, huhifadhi historia ya amri hizi kwa siku 90: nani aliita UpdateRuleGroup, saa ngapi, na alituma nini. Tuna ruhusa ya kusoma historia hiyo. Kila malipo yalipoanza kupotea, kulikuwa na amri yao muda mfupi kabla, mara nyingi Ijumaa adhuhuri, wakati ambao kila mtu anajua kwamba mji huu uko msikitini na hakuna wa kupokea simu.

Jibu la pili lilikuwa kwamba kundi limejaa, na ndiyo maana kanuni zetu "ziliondolewa kwa muda". Nalo halisimami. Ni kweli kwamba kundi la kanuni hupangiwa ukubwa wake linapoundwa, kwa vizio viitwavyo WCU, na ukubwa huo haubadiliki baadaye. Lakini kulinganisha ombi na orodha ya anwani za IP hugharimu kizio 1 tu, na kulinganisha njia ya ukurasa neno kwa neno hugharimu 2. Kama nafasi ingekuwa imekwisha, amri ya CheckCapacity ingewaambia kabla hawajagusa kitu. Hawakuiita. Haimo katika skripti yao.

Jibu la tatu ni kwamba kanuni mpya ilikuwa ya majaribio tu. Hata kanuni ya majaribio inaweza kuangusha tovuti. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni kubwa ya ulinzi wa tovuti, ilisambaza kanuni mpya ya fayawoli yake duniani kote kwa mpigo mmoja, nayo ilikuwa katika hali ya majaribio isiyomzuia mtu yeyote. Regeksi (fomula ya kutafuta mpangilio wa herufi) iliyokuwa ndani ya kanuni hiyo ilikula nguvu yote ya CPU za seva zao, na tovuti zilizokuwa nyuma yao zikawa zinatoa kosa la 502 kwa takriban dakika 27. Cloudflare ilijitokeza ikaeleza hatua kwa hatua nini kiliharibika na itarekebisha nini. Kampuni yetu ina wateja wachache mno kuliko hao, na bado haijaweza kuandika aya moja ya kukiri.

Tunachotaka si kikubwa. Skripti isome kundi lilivyo kabla ya kuandika, na ikikutana na kosa la tokeni isimame, ilete tofauti mbele ya macho ya mtu, wala isijaribu tena yenyewe. Wakipenda kuhamia Terraform, programu ya kusimamia mipangilio ya seva kwa faili, sitapinga, maana amri yake ya plan huonyesha kitakachofutwa kabla hakijafutwa, mradi faili la kanuni liwe moja, tuliloliona sote. Kanuni yoyote mpya ianze katika hali ya Count, yaani ihesabu bila kuzuia, na tupewe sampuli za maombi ambayo ingeyazuia tuyatazame pamoja. Na mabadiliko yasifanywe Ijumaa adhuhuri.

Zaidi ya yote, nataka kundi letu wenyewe. Web ACL moja, yaani orodha kuu ya ulinzi inayofungwa kwenye tovuti, inaweza kubeba makundi mengi, kila moja kwa kipaumbele chake. Sisi tukiwa na letu na wao na lao, hakuna atakayemfutia mwenzake. Gharama yake katika huduma yenyewe ni dola chache kwa mwezi. Tuliliomba hilo tangu mwanzo wa mkataba, wakakataa kwa hoja kwamba makundi mawili "yatachanganya usimamizi". Sasa naona kilichowachanganya ni kuwa na mtu mwingine wa kumjibu.

Naomba mambo mawili kwenu. Walioko Malindi, Watamu au Mombasa ambao tovuti zao zinalindwa kwa mtindo huu, ingieni kwenye CloudTrail mtafute UpdateRuleGroup, mlinganishe kanuni zilizotumwa na zile mlizodhani mnazo, kisha mtuambie hapa mlichokuta. Na mwenye mkataba wa ulinzi wenye kifungu kinachomlazimisha mkandarasi kuonyesha mabadiliko kabla ya kuyatuma, naomba aweke maneno ya kifungu hicho hapa, kwa sababu wetu unakaribia kuhuishwa na safari hii hatutaweka saini bila hicho.

Kwa wenye nyumba wanaosoma uzi huu: kanuni ya M-Pesa nimeirudisha, lakini hakuna kinachowazuia kuifuta tena. Mgeni akisema amelipa na tovuti inasema bado, msimpe mtu mwingine chumba. Fungueni taarifa ya akaunti yenu ya M-Pesa mtafute namba ya muamala, kisha mniletee na saa ya malipo, niilinganishe na amri walizotuma.