Ami yangu ana uvimbe wa GIST: kwa nini wasimpasue sasa?

Bint Langoni, Lamu
Assalaam aleikum. Ami yangu ni nahodha. Alianza kwenda choo cheusi tii, akisimama kizunguzungu. Tukamvusha Mokowe hadi Mombasa, akaongezwa damu. Kamera na CT scan zimeonyesha uvimbe wa sentimita 11 kwenye ukuta wa tumbo la chakula, na kipimo cha nyama kimesema GIST, aina ya saratani inayoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo. Sasa daktari anataka ameze vidonge vya imatinib, miligramu 400 kwa siku, miezi kadhaa, ndipo apasuliwe. Wazee nyumbani hawalali: uvimbe ukiachwa si utaenea?

Mzee wa Kovu, Malindi
Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi nilipasuliwa uvimbe huo huo, na dawa nilianza nayo. Waambie wazee: ukishakuwa mkubwa huwa mwororo kama papai lililoiva. Ukipasukia ndani, chembe zake humwagika tumboni, na kurudi kwake hapo ni karibu hakika. Mpasuaji anataka autoe mzima, na ukingo wa nyama safi kuuzunguka. Dawa ikiupunguza, huenda akakata kipande cha tumbo badala ya tumbo zima. Mimi nilibakishiwa langu, na wali wa nazi nala, ila kidogo kidogo. Tezi za limfu hawakuzigusa, maana GIST hukimbilia ini na utando wa tumbo, tezi ni nadra.

Dawa aimeze na chakula na gilasi kubwa ya maji. Huenda asubuhi kope zikamvimba, na usiku miguu ikamkaza. Asiiache kwa hayo, amwambie daktari.

Nesi wa Pwani
Mzee kasema kweli. Lakini ulizeni kama nyama ilipimwa jeni. Wengi wana kasoro kwenye jeni iitwayo KIT, na imatinib huwafaa. Mwenye kasoro ya aina ya D842V kwenye jeni nyingine, PDGFRA, haimfai, na miezi hiyo itampotea bure. Akishapasuliwa, ripoti isomeni: ukubwa, wingi wa chembe zinazogawanyika, na kama ulipasuka. Mwenye hatari kubwa huendelea na dawa miaka 3.

Bint Langoni
Ahsanteni sana. Na choo kikirudi cheusi usiku, nasi tuko kisiwani?

Nesi wa Pwani
Msingoje alfajiri, dada. Mpelekeni hospitali ya hapo hapo Lamu usiku huo, apimwe damu, awekewe dripu, huku mkimpigia daktari wake Mombasa. Na brufeni au aspirini ya dukani asiguse.