Bei ya ziwani inatuua sisi tunaoosha magari nchi kavu hapa Mwanza

Ndugu zangu wenye magari, wenye malori na wenye bodaboda wa Mwanza, leo naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Haipiti siku ya kazi bila kutokea mtu anayeegesha gari lake kwenye sakafu ya zege niliyoijenga kwa fedha yangu, akasubiri vijana wamalize bodi, chesi (fremu ya chini ya gari), matairi na mazulia, kisha akitajiwa bei anajibu kwamba ziwani anaoshewa kwa nusu ya hiyo. Bei ya ziwani ni bei ya mtu ambaye maji halipii, eneo halipii, uchafu wake anauachia ziwa na afya yake ameiweka rehani. Kila anayeitumia bei hiyo kutushusha sisi anatutaka ama tuvunje sheria ama tufunge biashara.

Kwangu gari dogo ni shilingi 5,000, Noah na Hiace ni 8,000, na lori linategemea ukubwa wake na lilichobeba. Nataka anayeona kwamba huo ni wizi asome kwa utulivu fedha hiyo inakokwenda.

Wengi wanadhani mashine ya presha ni mpira wa maji wenye kelele. Mashine yangu ni ya petroli, na inasukuma lita 13 za maji kwa dakika kwa mgandamizo wa takribani baa 170, nguvu ambayo ikielekezwa vibaya inabandua rangi ya gari, inachana mpira wa mlango na inaweza kupasua ngozi ya mtu. Ndiyo maana hakuna kijana anayeshika bunduki ya maji kabla ya kufundishwa nozo, yaani ncha za kutolea maji: nyekundu, inayotoa mshale mmoja wa maji, haisogezwi karibu na bodi, ya kijani, inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 25, ni ya chesi na matairi, nyeupe, yenye nyuzi 40, ndiyo ya bodi, tena kwa umbali usiopungua sentimita 30. Pampu nayo haivumilii kukosa maji. Maji yakikatika huku injini inanguruma, sili zinaungua. Mchanga ukipenya kwenye chujio, valvu zinakwaruzika na presha inashuka mpaka mashine inakuwa haina tofauti na bomba la bustani. Spea hizo hazipatikani kila duka hapa mjini, kwa hiyo mara nyingi tunaagiza Dar es Salaam, zinapakiwa kwenye basi, na wakati tunazisubiri vijana wanakaa bila kipato na wateja wanahamia kwingine.

Petroli inatangaziwa bei mpya na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ikipanda Jumatano, mimi siwezi kupandisha bei yangu Alhamisi, kwa sababu mteja anakuja na bei ya ziwani mdomoni.

Sasa nizungumzie maji, kwa sababu hapa ndipo watu hunicheka na kuniuliza nawezaje kulalamikia maji wakati naliona ziwa kutoka mlangoni. Ziwa liko chini na sisi tuko juu. Mji huu umejengwa juu ya vilima vya mawe, na kila tone linalofika kwenye bomba langu limesafishwa na kusukumwa kwa pampu za umeme mpaka huku, nami nalilipia kwa ankara ya biashara na si ya nyumbani. Siku ya mgawo, au bomba kubwa linapopasuka, nategemea tangi la lita 5,000. Malori yakiingia asubuhi na magari madogo yakafuatana mchana, kufikia jioni tangi limebaki na tope la chini, ambalo siwezi kulipitisha kwenye pampu. Hapo naita boza, na maji ya boza yanazidi ya bomba kwa bei mara kadhaa. Ni kweli kwamba mashine ya presha inabana maji kuliko mpira wa kawaida. Kwa gari dogo bunduki hufunguliwa kama dakika kumi kwa jumla, yaani lita 130 hivi. Hata hivyo lita 130 za kulipia haziwezi kushindana na ziwa zima la bure.

Gharama ambayo mteja haioni kabisa iko chini ya sakafu. Kuna shimo lenye vyumba vitatu. Cha kwanza kinapokea mchanga na tope zito ili vizame. Kutoka cha pili kwenda cha tatu kuna bomba lenye kiwiko kilichoelekezwa chini, ili mafuta yanayoelea yabakie juu na maji ya chini ndiyo yapite. Shimo hilo limenigharimu kuliko mashine yenyewe, na halijengwi mara moja likasahaulika, kwa sababu tope lazima lichotwe, mafuta yaenguliwe na kuwekwa kwenye pipa, na kazi hiyo hufanyika wakati hakuna gari, yaani wakati hakuna anayetulipa.

Juzi liliingia Fuso lililotoka kushusha samaki. Maji ya samaki yalikuwa yamekauka kwenye mbao za bodi pamoja na magamba, na chini ya chesi grisi ya miezi mingi ilikuwa imeshikana na vumbi la barabara mpaka imekuwa ngumu kama lami. Vijana wawili waliipaka dawa ya kulainisha, wakasubiri, kisha wakaingia chini kwa nozo ya kijani, na kilichotoka kilikuwa tope jeusi lenye utando wa mafuta wa rangi nyingi juu yake. Nilifunua mfuniko wa chumba cha pili nikamwita dereva aone. Mafuta yalikuwa yameelea unene wa kidole, na magamba ya sangara yakizunguka juu yake. Nikamwambia haya ndiyo ambayo gari lako huyaacha ziwani kila unapoliosha kule, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayosafishwa tukayanywa mimi na wewe. Aliinamisha kichwa, akampigia tajiri wake. Tajiri, ambaye hakuwapo na hakuona kitu, akamwambia atulipe nusu kwa kuwa tumetumia maji tu. Dereva akanirudia kwa aibu: "Kaka, nisamehe, mimi ni dereva tu, tajiri ndiye kasema hivyo." Simlaumu dereva. Namlaumu mtu mwenye lori la mamilioni anayeona ni haki vijana wawili walale chini ya chesi, wakirushiwa grisi usoni, kisha walipwe nusu kwa sababu ziwa halitoi risiti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iko wazi katika kifungu cha 57: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa haziruhusiwi shughuli za kudumu wala zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi wa ukingo huo. Sijui mtu anawezaje kutetea kwamba kuingiza gari majini mpaka usawa wa ekseli na kulimwagia sabuni ya unga si shughuli ya namna hiyo. Ziwa Victoria halina mto mwingine wa kutokea isipokuwa Nile, kule Jinja, na maji yake mengi hupotea kwa mvuke, hivyo mafuta na sabuni tunayoyamwaga kwenye ghuba zetu zenye kina kifupi hayaondoki kwa haraka. Magugu maji yaliyolivamia ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hustawi pale penye virutubisho vingi, na sabuni zenye fosfati ni sehemu ya lishe yake, pamoja na maji taka na mbolea za mashambani. Sisemi kwamba waosha magari ndio chanzo cha yote. Nasema kwamba mimi nimelazimika kujenga shimo la vyumba vitatu ili nisiwe sehemu ya tatizo, na mwenzangu hakulazimika kufanya chochote.

Na hapa wanisikilize wanaosimamia. Wakaguzi wakija katika kata yetu huja kwangu, kwa sababu nina bango, nina leseni ukutani na nina geti la kugonga. Wanauliza leseni, wanauliza maji machafu yanakwenda wapi, wanafunua mifuniko, na mimi nawaonyesha kila kitu kwa sababu ndivyo inavyopaswa. Sijawahi kukataa kukaguliwa. Ila daftari hilo la ukaguzi kwa nini linaishia kwenye geti langu, wakati ukishuka tu hadi ukingoni unakuta magari yamepangana majini mchana kweupe, na hakuna anayeuliza? Anayefuata sheria anaonekana, ndiyo maana anakaguliwa. Asiyeifuata hana bango, kwa hiyo anahesabiwa kwamba hayupo. Kwa mwendo huo tunawafundisha vijana kwamba kusajili biashara ni kujitafutia mzigo.

Sina ugomvi na vijana wanaosimama majini na ndoo. Ni ndugu zetu, wengine wamefanya kazi kwangu, na wamekwenda kule kwa sababu mtaji wa mashine, tangi na shimo hawana. Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaumia wao wenyewe na hakuna anayewaambia ukweli. Maji ya kando ya ziwa, penye majani na konokono, ndiyo makao ya kichocho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini bila yeye kuhisi. Kisumu, upande wa Kenya, watafiti wamewafuatilia waosha magari wa ziwani kwa miaka mingi, kwa kuwa kazi yao iliwafanya waambukizwe upya hata baada ya kutibiwa. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimkingi mtu anayerudi majini kesho yake, na kichocho cha tumbo kikiachwa kwa muda mrefu huharibu ini. Gharama hiyo ndiyo imo ndani ya ile "nusu bei" mnayoringia, isipokuwa anayeilipa ni kijana na si mwenye gari.

Mwenye gari naye analipa, ila anachelewa kujua. Gari likitoka safarini difu lake, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa matairi, ni la moto. Ukilizamisha kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia na sili zilizochoka. Baada ya miezi michache fundi anafungua nati ya kumwagia oili, na oili inatoka nyeupe kama imetiwa maziwa, gia zimeanza kulika na bearingi za matairi zinalia kwa sababu grisi yake imeshaoshwa. Mafundi wa mjini hapa wanayajua haya vizuri. Waulizeni hao kabla ya kuniuliza mimi kwa nini nadai 5,000.

Kuna wengine ambao hawataji ziwa lakini dharau yao ni ileile. Watu wa kuoshewa kuta na pevingi za majumbani wanataka tuondoe ukungu wa misimu ya mvua na alama za wadudu wa ziwani waliogandia kwenye kuta karibu na taa, tulete mashine, petroli na watu wawili, kisha wanatulinganisha na kijana wa kazi mwenye brashi. Ofisi zenye magari mengi zinaosha kwa mkopo mwezi mzima, na ukidai unaambiwa mhasibu amesafiri. Petroli sijawahi kukopeshwa.

Kama halmashauri inataka kweli vijana watoke majini, haitoshi kuwafukuza siku moja na kuwaacha warudi siku ya pili. Litengwe eneo lililo nje ya mita 60, lijengwe sakafu na shimo la pamoja la kutenganisha mafuta, kila kijana aingie na mashine yake na kuchangia usafishaji wake. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ina fungu la asilimia 4 la vijana, na sioni kikundi kinachostahili kuliko hiki, ambacho kazi kinaijua tayari na wateja kinao. Wakifika nchi kavu tukashindana nao kwa kazi safi na kwa bei inayobeba gharama zilezile, nitanyamaza, hata wakinizidi.

Mpaka hapo itakapotokea, kwangu anayetaja bei ya ziwani baada ya gari kuoshwa hatapewa punguzo, na malori nimeanza kuyadai nusu ya fedha kabla ya mashine kuwashwa. Wenzangu mnaoosha Igoma, Buhongwa, Nyakato, Kisesa na Ilemela, na nyinyi wa Musoma na Bukoba mlio na ziwa hilihili, andikeni hapa chini mnalipa kiasi gani kwa maji, mna shimo la namna gani, na wakaguzi wanafika kwenu tu au wanashuka mpaka ukingoni. Naandaa barua ya malalamiko ya kupeleka ofisi ya kata, na nataka iwe na maelezo ya watu wengi, yenye tarehe na mahali.