Mjadala: Je, Leontyne Price alikuwa sahihi kuikataa Aida mwaka 1958?

Mleta mada

Wanajukwaa, naomba tujadili uamuzi mmoja wa mwimbaji mmoja, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo majumba ya opera hayajalimaliza hadi leo: je, rangi ya ngozi ya mwimbaji ihesabiwe anapopewa nafasi ya kuimba?

Mwimbaji mwenyewe ni Leontyne Price, aliyezaliwa mwaka 1927 mjini Laurel, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, baba yake akifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao na mama yake akiwa mkunga na mwanakwaya kanisani. Sauti yake ni ile ambayo wanakwaya wetu huiita sauti ya kwanza, yaani soprano. Mwaka 1958 Rudolf Bing, aliyekuwa meneja mkuu wa Metropolitan Opera ya New York, alimwalika aje kuimba Aida. Wengi wangeipokea nafasi hiyo kwa mikono miwili, maana ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Marian Anderson awe mwimbaji wa kwanza Mweusi kupewa uhusika katika jumba hilo, tarehe 7 Januari 1955, naye alifunguliwa mlango huo akiwa na umri wa miaka 57, wakati sauti yake ilikuwa imekwisha kupita siku zake bora. Price alikataa. Peter Herman Adler, aliyekuwa akiongoza muziki wa opera za televisheni ya NBC, alimshauri kwamba siku atakapopanda jukwaa lile kwa mara ya kwanza apande akiwa bibi mwenye hadhi, si mtumwa. Na Aida, kwa wasioifahamu opera hii ya Giuseppe Verdi, ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kufanywa kijakazi wa binti wa Farao.

Price akangoja. Mwaka 1959 Bing alimsikia akiimba uhusika wa Leonora katika opera ya Il trovatore, kwenye uwanja wa kale wa Warumi mjini Verona, Italia, akamwalika upya. Na tarehe 27 Januari 1961 Price akaingia Metropolitan Opera akiwa Leonora, mwanamke wa kasri ya Aragon huko Hispania. Makofi ya usiku ule yanasimuliwa kuwa yalidumu zaidi ya dakika 40.

Msimamo wangu ni kwamba alikuwa sahihi, na sisemi hivyo kwa kudhani kwamba Aida ni uhusika wa chini, kwa sababu msimu uleule aliimba Aida kwenye jukwaa lilelile, pamoja na Cio-Cio-San wa Japani, Liù wa China na Donna Anna wa Hispania. Ninachokitetea ni haki yake ya kuchagua mlango wa kuingilia. Anayeingia kwanza akiwa Aida ataambiwa kwamba ngozi ndiyo iliyompa kazi, na kila atakapoomba uhusika mwingine ataonekana anaomba kisicho chake. Anayeingia akiwa Leonora amekwisha kuonyesha kwamba ni sauti iliyomleta, na Aida ikija baadaye inakuja kwa hiari yake. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo yako, lakini sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, umesimulia kana kwamba kati ya Marian Anderson na Price hapakuwa na mtu. Tarehe 27 Januari 1955, siku 20 tu baada ya Anderson, Robert McFerrin aliimba katika jumba hilohilo akiwa Amonasro, mfalme wa Ethiopia na baba wa Aida. Mwaka 1956 Mattiwilda Dobbs, soprano Mweusi, aliimba Gilda katika Rigoletto, na Gilda ni msichana wa Mantova, Italia. Hana uhusiano wowote na Afrika wala utumwa. Hivyo mlango unaosema Price aliulinda kwa kungoja ulikuwa umekwisha kufunguliwa miaka mitano kabla yake. Halafu mwaka uleule wa 1958 ambao Price alikataa, Gloria Davy aliimba Aida Metropolitan Opera. Je, Davy alijidhalilisha? Je, aliwafungia wenzake njia? Mimi naona aliwasaidia, na linaloniuma ni kwamba katika mijadala ya namna hii jina lake halitajwi kabisa, kana kwamba aliyeipokea kazi kwa unyenyekevu hastahili kukumbukwa na aliyeikataa ndiye peke yake mwenye heshima.

Pili, maneno yenyewe ya ushauri ule yananikera. Bibi, si mtumwa! Weusi wa Mississippi walikuwa wajukuu na vitukuu wa watu waliofanywa watumwa, na sioni kwa nini mjukuu wa mtumwa aambiwe kwamba kumwimba mtumwa kunamshusha. Isitoshe, Aida ndiye mwenye utu mkubwa kuliko wote katika opera ile: anapenda, anaikumbuka nchi yake, anavutwa huku na baba na kule na mpenzi, na mwishoni anakwenda mwenyewe kuzikwa hai pamoja na mpenzi wake. Amneris, yule binti wa Farao, ana taji, lakini nani atasema kwamba ana hadhi zaidi?

Tatu, Price huyohuyo aliimba Aida Vienna chini ya kondakta Herbert von Karajan mwaka 1958, akaiimba London mwaka huohuo, na mwaka 1960 akaiimba katika jumba la opera la La Scala mjini Milan. Kama haikuwa aibu Vienna, iweje iwe aibu New York?

Na kama hadhi ya mhusika inamkinga mwimbaji, mbona malkia hakumkinga? Tarehe 16 Septemba 1966 Metropolitan Opera ilipohamia jumba jipya la Lincoln Center, ilifungua kwa Antony and Cleopatra, opera ambayo Samuel Barber aliitunga akiwa na sauti ya Price akilini, na Price akawa Cleopatra mwenyewe. Mwongozaji Franco Zeffirelli alijaza jukwaa mapambo mazito, jukwaa la kuzunguka likaharibika, na katika mazoezi ya mwisho Price alinaswa ndani ya piramidi. Wahakiki waliiponda kazi nzima, na katika miaka iliyofuata aliimba opera mara chache zaidi kuliko awali. Alivaa taji siku ile, na taji halikumsaidia.

Mchangiaji wa pili

Nadhani nyote wawili mnalikuza jambo. Opera ni maigizo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanamke wa miaka 50 huimba uhusika wa msichana wa miaka 15, mwenye afya njema huimba anayekufa kwa kifua kikuu, na hadhira haiulizi. Ikiwa Mmarekani Mweusi aliruhusiwa kuwa Mhispania, basi haki hiyohiyo apewe Mrusi anayetaka kuwa Mwethiopia, na akipakwa rangi nyeusi usoni hiyo ni sehemu ya vazi, sawa na taji na kanzu. Anna Netrebko, soprano Mrusi, alifanya hivyo Verona mwaka 2022 akashambuliwa dunia nzima kwa kufuata desturi aliyoikuta. Tukizidi kuzungumzia rangi ya Price, tutasahau kwamba alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kuombewa nafasi na mtu yeyote.

Mchangiaji wa tatu

Nafundisha kwaya, na nimewahi kuwawekea wanafunzi wangu rekodi ya Price bila kuwaambia ni nani. Waliuliza anapumua wapi katika sentensi ndefu kiasi kile, na jinsi sauti ya juu inavyoweza kubaki na joto la sauti ya chini. Hivyo naelewa vizuri mchangiaji wa pili anaposema tuanze na sauti. Hata hivyo, hoja yake inageuka na kumpinga mwenyewe. Price alikuwa Leonora, Tosca na Donna Anna, na hadhira ilimwamini kwa kuimba kwake. Ikiwa Mweusi anaaminika kuwa Mhispania kwa sauti tu, basi Mrusi naye ataaminika kuwa Mwethiopia kwa sauti tu, na hiyo rangi ya kupaka inakosa kazi ya kufanya. Netrebko aachwe aimbe Aida kwa uso wake mwenyewe; sijasikia hoja nzito ya kumzuia.

Wala rangi hiyo si vazi kama taji. Mataji hayakutumiwa kuwadhihaki watu. Huko Marekani kulikuwa na maonyesho yaliyopendwa kwa miaka mingi ambamo Wazungu walijipaka nyeusi ili kuwacheka Weusi, wakati Weusi wenyewe hawakuruhusiwa kupanda majukwaa makubwa, na mtu wa Mississippi hawezi kuutazama uso uliopakwa bila kukumbuka hayo. Hata Ethiopia ya Verdi si nchi ya ngano. Aida ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, chini ya Khedive Ismail, mtawala wa Misri, na haikupita miaka mitano kabla majeshi yake hayajaivamia Ethiopia ya kweli na kushindwa Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876. Na mwaka huo wa 1875 merikebu zake zilifika hadi Kismayu na Barawa, katika milki ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Mateka wa Kiethiopia mbele ya Farao lilikuwa jambo zito kwa watu wa upande wetu huu wa bara pia.

Ndiyo maana Metropolitan Opera iliacha kumpaka rangi Otello, mhusika Mweusi wa opera nyingine ya Verdi, mwaka 2015. Ndiyo maana Tamara Wilson, soprano Mzungu wa Marekani, alipinga kupakwa alipoimba Aida Verona mwaka 2019, na Angel Blue, soprano Mweusi wa Marekani, akajitoa katika La traviata kwenye uwanja huohuo Julai 2022, baada ya kuonekana picha za Netrebko akiwa amepakwa. Ni uwanja uleule ambao Bing alimsikia Price akiimba Leonora.

Lakini ninalo swali kwa mleta mada, na ningependa asilikwepe. Wenye haki za Porgy and Bess, opera ya Gershwin kuhusu Weusi wa Marekani, wameweka sharti kwamba wahusika Weusi waimbwe na Weusi tu, na Budapest ilipoionyesha mwaka 2018 kwa waimbaji Wazungu kukazuka ugomvi mkubwa. Price mwenyewe alijulikana kwa kuimba Bess kuanzia mwaka 1952, katika msafara uliopita miji ya Marekani na kufika Vienna, Berlin, London na Paris. Ukisema rangi isihesabiwe, sharti hilo utalitetea vipi?

Mleta mada

Nawashukuru, na nianze kwa kukiri. Mchangiaji wa kwanza ana haki kuhusu Dobbs na Davy. Niliposimulia kana kwamba Price ndiye aliyeufungua mlango, nilipita ukweli, na naiondoa picha hiyo. Kuhusu Cleopatra pia nakubali kwamba hadhi ya mhusika haimkingi mtu na uongozaji mbaya.

Kuhusu Vienna na New York sikubali. Uhusika ni uleule, lakini wanaoutazama si walewale. Mwaka 1955 Price aliimba Tosca katika televisheni ya NBC, akiwa na mpenzi Mzungu katika hadithi, na baadhi ya stesheni za Kusini zilikataa kurusha kipindi hicho. Mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya mwaliko wa Bing, wanafunzi tisa Weusi walihitaji ulinzi wa askari ili waingie shule ya sekondari mjini Little Rock. Hadhira ya Vienna ilimwona bintimfalme wa kale aliyetekwa. Mtazamaji wa Marekani aliyezoea kumwona Mweusi akiwa mtumishi angeweza kuona kile alichokizoea, akatoka ukumbini bila kusumbuliwa na lolote. Leonora hakumpa nafasi hiyo: ilimbidi akae saa tatu akimtazama mwanamke wa Laurel akigombewa na watu wawili wakubwa wa Hispania. Mtumwa hana la kuonea aibu, na hapo nakubaliana kabisa na dada yangu, mchangiaji wa kwanza. Ila naamini Price alikuwa na haki ya kuwajua watazamaji wa nchi yake kuliko sisi tunavyowajua.

Sasa Porgy and Bess. Sharti lile nalitetea, lakini nalitetea kama dawa, na dawa huwa na muda wake. Liliwapa kazi waimbaji waliosomea muziki miaka mingi na kukuta majumba yamefungwa, na kwa hilo limefanya wema mkubwa. Upande wa pili, wengi waliitwa kuimba opera hiyo moja na hawakuitwa tena kwa nyingine. Price aliiacha Bess mwaka 1954, na miezi michache baadaye akawa Tosca. Hakumdharau Bess, alijua tu kwamba asipoondoka atabaki humo. Siku Mwafrika Mmarekani atakapoitwa kuimba Mozart na Verdi kwa wepesi uleule anaoitwa kuimba Gershwin, sharti liondolewe. Siamini kwamba Budapest ilikuwa na haki ya kutangaza peke yake kwamba siku hiyo imefika.

Na kwa kuwa tumemzungumzia Aida kana kwamba Price alimkwepa, nikumbushe kwamba tarehe 3 Januari 1985, alipoiaga opera baada ya maonyesho 201 na Metropolitan Opera, aliaga akiwa Aida, na televisheni ikarusha onyesho hilo nchi nzima. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba katika uhusika huo ngozi yake ndiyo iliyokuwa vazi lake. Usiku ule alikuwa amebakiza mwezi mmoja atimize miaka 58, na alipomaliza kuuimba wimbo ambao Aida anaililia nchi yake ambayo hataiona tena, ukumbi ulimzuia kuendelea kwa makofi ya dakika kadhaa, naye akasimama kimya akijitahidi asitoke nje ya uhusika.

Linalobaki kunisumbua ni Gloria Davy. Nimekuwa nikiipenda opera hii kwa miaka mingi na sijawahi kukaa nikamsikiliza yeye. Mwenye rekodi zake atuambie aliimbaje, na aanze na kitendo cha tatu, pale kando ya Mto Nile.