Darasa la awali shule ya serikali: "bila malipo" ni bila malipo kweli? Naomba ushauri

Mama Wawili (Kahama)

Habari za jioni ndugu zangu. Mwanangu wa pili anatimiza miaka mitano mwezi wa pili, nataka aanze awali Januari. Dada yake alisoma chekechea ya kulipia hapa mtaani, lakini sasa mambo yamebana, baba yao alikuwa machimboni na kazi imesimama. Shule ya msingi ya serikali iko karibu, mtoto anafika kwa miguu. Nilipoenda kuulizia nikaambiwa ada hakuna, ila kuna hela ya uji, hela ya mlinzi, na kila mtoto aje na kigoda chake. Jirani naye kanitisha: darasa lina watoto mia na kitu, mwalimu mmoja, eti nitakuwa nampeleka kuchezea vumbi.

Naomba kueleweshwa. Hizo hela ni halali? Na kwa umri huo, bora darasa lililojaa au nikae naye nyumbani hadi darasa la kwanza?

Mzee wa Kijiwe

Michango Magufuli alishaipiga marufuku Januari 2018. Usitoe hata mia. Wakikusumbua nenda kwa mkuu wa wilaya.

Ticha wa Awali

Dada, pole na majukumu. Mimi nafundisha awali shule ya serikali huku huku Kanda ya Ziwa, ngoja nikuambie tunavyoishi.

Mzee wa Kijiwe, shikamoo, lakini hapo umeisema nusu. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndio uliofuta ada na michango ya lazima, halafu Na. 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini. Sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Kwa hiyo hela ya uji si wizi, mradi wazazi mlikaa mkakubaliana na muhtasari wa kikao upo. Hata ile 2018, rais hakumzuia mtu kuchangia kwa hiari yake. Alisema anayetaka kutoa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, sisi walimu tusishike hela. Hela ya mlinzi ndiyo uiulizie vizuri: nani kaidhinisha, inakusanywa na nani. Na asije mtu akamrudisha mtoto nyumbani kisa uji. Hilo halikubaliki kabisa.

Kwa nini shule zinaomba? Piga hesabu. Ruzuku ya uendeshaji ni sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002. Humo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinakuja shuleni. Kwa mwezi ni mia tano. Hiyo mia tano ndiyo chaki, karatasi, ukarabati, mitihani, na inaingia akaunti moja ya shule nzima. Sasa kikao cha matumizi kikikaa, darasa la saba wana mtihani wa taifa na sisi hatuna. Nani atasikilizwa? Mimi naishia na boksi la chaki na maneno mazuri. Vifaa vyangu ni vizibo vya soda, magunzi, vijiti na maboksi ninayoomba dukani, na nikwambie ukweli, vikipangwa vizuri kwenye kona vinafundisha kuliko vile vya plastiki vya kununua.

Wingi wa watoto ndio kilio chenyewe. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina zaidi ya mia. Nawagawa, wengine wanaingia asubuhi na mapema, wengine baada ya uji, kwa sababu kuwakalisha wote pamoja ni kuwachunga tu. Siyo kila shule inafanya hivyo. Kuna mahali awali anapewa mwalimu anayesubiri kustaafu, au aliyegombana na mwalimu mkuu, kama adhabu. Kuna shule zimepata madarasa ya mfano ya BOOST, ule mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, yana vyoo vidogo na bembea, yanapendeza. Ila usichague kwa jengo.

Nenda siku ya kawaida, saa tatu hivi, bila kuaga sana. Usimwangalie mwalimu, waangalie watoto wa nyuma. Kama wanashika kitu, wanaimba, wanaulizwa, mpeleke mtoto hata kama wako mia. Kama kazi ni kuitikia "a, e, i, o, u" mpaka kengele, ongea na mwalimu mkuu kuhusu kugawa zamu kabla hujakata tamaa. Na usidai aandike sentensi! Wazazi wengi wanatuona wazembe kwa sababu daftari ni jeupe.

Kumweka nyumbani sikushauri. Tangu sera ya elimu ya 2014 mwaka wa awali ni wa lazima, na mwalimu wa darasa la kwanza anaanza akijua mtoto kashapita kwetu. Asiyepita anachelewa, na hakuna wa kumsubiri.

Baba Naserian (Kiteto)

Mwalimu umesema yote, ila sisi wa shule shikizi, yaani tawi dogo la shule iliyo mbali, mmetusahau. Shule mama iko mbali, watoto wa miaka mitano hawaifikii, mvua ikinyesha korongo linajaa. Tumejenga chumba wenyewe. Anayefundisha ni binti wa kidato cha nne anayejitolea, na "kujitolea" maana yake sisi wazazi tunamlipa, mwezi mwingine kwa mahindi. Tukifuata ya Mzee wa Kijiwe tusitoe hata mia, kesho hakuna darasa. Ningependa huo mchango utoke serikalini, siyo tuambiwe tuuache.

Mama Wawili

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeenda leo. Wako wengi kweli, lakini wamegawanywa makundi mawili, na kulikuwa na mchezo wa kupanga vizibo kwa rangi, hata wale wa mwisho walikuwemo. Hela ya mlinzi nimeulizia, mwalimu mkuu akasema "tutaliangalia". Uji nitalipa. Limebaki moja, wananiambia nilete cheti cha kuzaliwa na hana.

Ticha wa Awali

Mwandikishe tu, kukosa cheti kusimzuie. Peleka kadi ya kliniki kwa sasa. Ila Shinyanga mna ule usajili wa RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, wa watoto chini ya miaka mitano, unafanyika kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata na cheti ni bure. Akishatimiza mitano anaingia kwenye utaratibu wa kulipia, kwa hiyo nenda wiki hii, usingoje mwezi wa pili. Na kigoda mwandikie jina kwa rangi ya mafuta, kalamu inafutika.