Kikundi cha mtaa, Mkomani: GIMP ya studio haishiki mipangilio

Fatma: Assalamu alaykum jamaa. Mashine mbili za studio, moja ya mlangoni na moja ya ndani, zote Windows, zote GIMP 2.10, ile programu ya kuhariri picha. Mtu akipanga madirisha yake na vifupisho vya kibodi, kesho yake akifungua anakuta kama programu imewekwa jana. Ami Athman, kaka Swaleh, mpo?

Swaleh: Waalaykum salaam Fatma. Vinapotea vyote au vingine vinabaki?

Fatma: Ya mlangoni vingine vinabaki. Ya ndani haibakishi hata kimoja.

Swaleh: Basi hayo ni maradhi mawili, usiyape dawa moja. Tuanze na ya mlangoni. Kinachobaki ni nini?

Fatma: Ile sura nyeusi inabaki, na ukubwa wa aikoni. Kinachoondoka ni mahali pa madirisha, vifupisho, na saizi ya brashi aliyoiacha mtu.

Swaleh: Umeshajijibu. GIMP haiandiki kila kitu wakati mmoja. Unachobadilisha ndani ya Preferences kinaandikwa palepale ukibonyeza OK, kwenye faili inayoitwa gimprc. Lakini mahali pa madirisha (sessionrc), vifupisho (menurc) na hali ya kila zana (folda ya tool-options) vinangoja mpaka uifunge programu. Umeme ukikatika kabla hujaifunga, au mtu akizima soketini, havikuandikwa. Ukifungua tena inasoma vile vya zamani.

Bakari: Umeme wa mtaa huu basi hakuna kitakachoandikwa milele 😂

Swaleh: Task Manager pia, Bakari. Ukiichagua GIMP ukabonyeza End task ni sawasawa na kuchomoa waya.

Ami Athman: Msalkheri nyote. Mwanangu Fatma, kabla hatujasema umeme, tazama tarehe. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi kisha Enter:

%APPDATA%\GIMP\2.10

Folda ikifunguka, View iwe Details. Nisomee Date modified ya gimprc na ya sessionrc.

Fatma: gimprc ni ya leo asubuhi. sessionrc ni ya mwezi uliopita. menurc pia mwezi uliopita.

Ami Athman: Tayari. Anachosema Swaleh ndicho. Folda inaandikika, maana gimprc ya yeo imo. Kwa hivyo si ruhusa, wala si diski kujaa. GIMP ya mlangoni haijapata kufungwa vizuri tangu tarehe hiyo.

Fatma: Jioni mashine zote zinazimwa kwenye swichi ya ukutani, ami.

Swaleh: Dawa iko ndani ya GIMP yenyewe, wala haingoji betri ya akiba (UPS). Panga kila kitu unavyotaka, halafu Edit, Preferences. Kurasa hizi tatu zina kitufe cha kuandika sasa hivi:
Window Management: Save Window Positions Now
Tool Options: Save Tool Options Now
Interface: Save Keyboard Shortcuts Now
Bonyeza vyote vitatu, kisha OK. Rudi kwenye folda, tarehe ya sessionrc lazima iwe ya dakika hii. Kama haikubadilika niambie.

Fatma: Imebadilika. menurc nayo.

Mwanaisha: Swaleh, hapo juu ya hivyo vitufe kuna tiki za "on exit". Kwa mashine inayotumiwa na watu wengi mimi huziondoa kabisa. Unapanga mara moja, unabonyeza Now, unatoa tiki. Baada ya hapo mtu akivuruga madirisha mchana, kesho yanafunguka palepale ulipoyaweka.

Swaleh: Kwa studio ni vizuri zaidi, kweli. Ila kuna gharama yake Fatma: ukibadilisha kitu cha kudumu lazima ukumbuke kurudi kubonyeza Now, la sivyo GIMP inakipuuza na hakuna onyo. Na usikibonyeze kitufe kilicho jirani yake, kile cha Reset. Hicho ndicho kinachofuta.

Bi Zuhura: Samahani wanangu, kuna mtu anavuka kuja kutoka Mokowe mchana huu? Nina mzigo mdogo pale jetini.

Bakari: Mimi bi, saa tisa. Nitumie jina la boti pembeni.

Fatma: Sasa ya ndani. Hii hata sura nyeusi haibaki. gimprc ni ya mwaka uliopita.

Ami Athman: Hiyo tuiache GIMP kando kwanza. Tengeneza faili tupu ya maandishi kwenye desktop, iite jaribu. Zima mashine kwa Start, Shut down, sio ukutani. Washa.

Fatma: Imepotea!

Ami Athman: Basi mashine nzima inasahau, GIMP haina kosa. Hapo kuna mawili. La kwanza, Windows imekuingiza kwenye akaunti ya muda. Bonyeza Windows na R, andika %USERPROFILE%. Ikifungua C:\Users\TEMP ndiyo hiyo, kila ukitoka inafutwa. La pili, diski imegandishwa.

Fatma: Imefungua C:\Users\studio. Na pale karibu na saa kuna picha ndogo ya dubu mweupe.

Swaleh: 🐻‍❄️ Kwisha. Hiyo ni Deep Freeze, programu ya kugandisha diski. Mashine ilikuwa ya saiba?

Fatma: Ndiyo, ilinunuliwa huko.

Swaleh: Inafanya kazi yake tu. Saiba wanaiweka ili kila ristati diski irudi vile ilivyogandishwa, virusi na fujo za wateja ziondoke. Mipangilio yako nayo inaondoka na fujo. Kuitoa: shika Shift, bonyeza dubu mara mbili, itataka neno la siri. Ukilijua, chagua Boot Thawed, ristati, weka mipangilio yako, kisha amua kama unataka kugandisha tena au la.

Fatma: Neno la siri hakuna.

Ami Athman: Mashine ina diski D?

Fatma: Ipo.

Ami Athman: Weka faili jaribu huko, ristati.

Fatma: Ya D imebaki.

Ami Athman: Basi huna haja ya kuivunja Windows. Mara nyingi wanagandisha C peke yake. GIMP tutaielekeza iweke mipangilio yake D.

Mwanaisha: Ami, ile GIMP2_DIRECTORY, inayoiambia GIMP folda ya mipangilio iko wapi? Ukiiweka kwenye mipangilio ya Windows si itafutika nayo? Inakaa C.

Ami Athman: Umeona mbali. Ndiyo maana tutaiandika ndani ya faili ya bat, yaani faili ya amri zinazoendeshwa ukiibonyeza, na bat yenyewe ikae D. Fatma, fungua Notepad, andika mistari hii miwili kama ilivyo:

set GIMP2_DIRECTORY=D:\gimp-studio
start "" "C:\Program Files\GIMP 2\bin\gimp-2.10.exe"

Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya =. Save as, chagua All files, jina ni gimp.bat, mahali ni D:\. Ukisahau All files, Notepad inakuwekea gimp.bat.txt na haitafunguka kitu. Kisha bonyeza mara mbili.

Fatma: Imechukua muda kidogo kufunguka, ila imefunguka. Folda gimp-studio imejitengeneza yenyewe D.

Ami Athman: Mara ya kwanza huchelewa. Sasa ichukue mipangilio ya mlangoni, usipange upya. Kule mlangoni funga GIMP, nakili kila kilichomo kwenye folda ya 2.10 uweke kwenye flashi. Huku ndani ifunge GIMP kwanza, ndipo ubandike ndani ya D:\gimp-studio na ukubali kubadilisha zilizopo. Ukibandika huku iko wazi, ukija kuifunga itaandika sessionrc yake juu ya ile uliyoleta, uonekane hukufanya kitu.

Mwanaisha: Na rangi zenu za kadi za harusi zitakuja humo humo, folda ya palettes. Faili ya .gpl ni maandishi tu, unaweza kuisoma na kuirekebisha kwa Notepad:

GIMP Palette
Name: Harusi
Columns: 3
#
128 0 32 Damu ya mzee
212 175 55 Dhahabu
64 224 208 Feruzi

Namba tatu ni nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 mpaka 255, kisha jina lolote unalotaka. Mstari wa kwanza usiuguse, ukiharibika GIMP inakataa kuisoma faili yote.

Bakari: Na sisi wa Photoshop?

Swaleh: Nayo huandika mipangilio ikifungwa, kwa hivyo soketi ya ukutani inaiua vilevile. Mpangilio wa paneli uhifadhi kwa jina: Window, Workspace, New Workspace, na utie tiki Keyboard Shortcuts, Menus na Toolbar. Usipotia tiki, vifupisho haviingii humo. Actions, zile hatua ulizozirekodi, zitoe kama faili ya .atn uweke nje. Chagua folda ya seti, sio action moja moja, la sivyo Save Actions haikubali kubonyezeka. Na tahadhari na Ctrl, Alt na Shift pamoja wakati inafunguka. Hapo inakuuliza kama ifute mipangilio yote, na wengi wanabonyeza Yes bila kusoma.

Fatma: Kaka Swaleh, tukihamia GIMP 3 itakuwaje?

Swaleh: Kwa kawaida mara ya kwanza kufunguka inachukua mipangilio ya 2.10 yenyewe, halafu inatumia folda yake mpya. Kuanzia hapo hazijuani, ukibadilisha huku kule hakubadiliki. Na ile bat uirekebishe: jina la kigezo linakuwa GIMP3_DIRECTORY, na njia ya exe pia inabadilika. Vifupisho vitakuwa kwenye shortcutsrc badala ya menurc. Ila plagini (programu ndogo za nyongeza) za zamani nyingi hazifanyi kazi huko, kwa hivyo msikimbilie kama kuna mnazozitegemea.

Fatma: Nimebandika ya mlangoni, nimezima kwa Start, nimewasha. Bat imefungua na madirisha yako mahali pake, rangi zipo.

Ami Athman: Alhamdulillah. Sasa mtu asifungue picha kwa kuibonyeza mara mbili wala kwa ikoni ya GIMP ya desktop. Hizo hazipitii bat, zinasoma C, na mtaniambia imesahau tena. Bat kwanza, kisha picha uiburute ndani.

Fatma: Ile ikoni ya desktop nimeifuta, nikaristati, imerudi 😅

Ami Athman: Itarudi kila siku, iko C. Bandikeni karatasi kwenye skrini: fungua ya D.