Kikundi: Ukoo wa Ilagala

JUMATANO

[07:12] Shangazi Zena: Asalaam aleikum wanafamilia. Narudia la jana kwa kuwa hakuna aliyejibu. Kaka Shabani katoka mtoni isha imeshapita, samaki kamvuta mpaka maji yakamfika magotini, mshipi umekatwa tena. Jumamosi lazima mtu aende Ilagala. Mchango ni 10,000 kila mmoja, mtume kwenye namba yangu.

[07:15] Hamisi: Waaleikum salaam Shangazi. Huyo samaki apewe namba ya NIDA sasa, tumtambue 😂

[07:16] Shangazi Zena: Hamisi, sicheki. Tazama hii.

[07:16] Shangazi Zena: 📷 Picha

[07:17] Shangazi Zena: Huyo alikuwa perege wa chambo, mzima. Kimebaki kichwa.

[07:41] Kassim Kibirizi: Nimeikuza picha. Angalieni ncha ya mshipi, imekatika safi kama kwa wembe. Sangara meno yake kama msasa, anausaga mshipi mpaka unatoa manyoya. Kambale anameza kitu kizima. Huyu ni kibebe. Meno yake yapo nje hata akifunga mdomo. Nailoni haimuwezi, inatakiwa waya kati ya ndoana na mshipi, kama shibiri mbili hivi.

[07:43] Baba Kulwa: Kwa nini asiwe mamba?

[07:44] Kassim Kibirizi: Mto Malagarasi una mamba kweli, lakini mamba hakuachii kichwa.

[07:44] Hamisi: Mimi nasema jini 🧞

[07:45] Baba Kulwa: Kibebe tunaokula ni wa kilo mbili tatu. Gani huyo wa kumvuta mtu mzima mpaka maji yamfike magotini?

[07:52] Kassim Kibirizi: Wako wa aina zaidi ya moja. Yule jitu wa Kongo rekodi yake ni kilo 44, alivuliwa mwaka 1988 Mto Kongo. Na kwenye ziwa letu la Tanganyika yupo pia. Mtoni kwetu mimi sijamwona.

[08:05] Baba Mdogo Idi: Angekuwa na mtumbwi wa mzee asingesimama ukingoni. Aliyeuuza yumo humu na ananisoma.

[08:06] Baba Kulwa: Idi, hilo tulilimaliza kwenye arobaini.

[08:06] Baba Mdogo Idi: Mlilimaliza nyie. Mimi nilikuwa Mpanda.

[08:08] Baba Kulwa: Hela ile ndiyo iliyomlaza mzee hospitali. Risiti anazo Zena.

[08:09] Shangazi Zena: Msinitie humo. Tunazungumzia Jumamosi. Waya, tochi, jaketi la kuokolea, na mtu wa kukaa naye.

[09:30] Baba Mkubwa Shabani: Nimewasoma. Siumwi wala sijachanganyikiwa. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 2024 nikahamia mtoni, na tangu hapo tunavutana naye. Anapiga mara moja, mshipi unakimbia kufuata mkondo. Halafu anageuka, ananijia, mshipi unalegea, unadhani kaondoka. Hapo ndipo anakata. Hata pezi lake sijaliona. Nileteeni waya, msiniletee mtu wa kunichunga.

[09:34] Kassim Kibirizi: Shikamoo Baba Mkubwa. Kibebe akinaswa huruka juu ya maji. Huyo hajaruka hata mara moja?

[09:36] Baba Mkubwa Shabani: Marahaba. Hajaruka.

[09:37] Hamisi: Si niliwaambia 👀

[11:02] Asha: Bibi kasema, mimi naandika kama alivyosema. "Shabani mwanangu, kuvua sikukatazi. Baba yako alivua mpaka uzee ukamkalisha. Lakini mto ule umeshanichukulia mtoto mmoja. Jua likizama uko peke yako pale, mimi huku silali. Na wewe Idi, mtumbwi niliuuza mimi. Hawa walininyamazia tu. Ukitaka kudai, njoo unidai mimi."

[13:47] Baba Mkubwa Shabani: Nimesikia mama.

[14:20] Shangazi Zena: Shikamoo mama. Basi jamani, Kassim aende na waya Jumamosi.

[14:31] Kassim Kibirizi: Shangazi, Jumamosi ni giza, hakuna mwezi, tunaingia ziwani kwenye dagaa. Labda Jumapili.

[14:32] Shangazi Zena: Jumapili ni siku nyingine tena ya yeye kukaa kule peke yake. Nani mwingine? Wengine mpo?

[17:55] Saidi: Simu haikuwa na chaji. Kuna nini Ilagala?

[17:56] Shangazi Zena: Soma juu.

[20:10] Baba Mdogo Idi: Nitaenda mimi. Natokea Uvinza, Kigoma kwa Kassim sifiki. Waya nitaupataje?

[20:14] Kassim Kibirizi: Naweza kumpa dereva wa Hiace ya Ilagala, uupokee kituoni. Ndoana nitume zilezile?

[20:15] Baba Mkubwa Shabani: Kubwa zaidi. Idi, ukija pitia kwa mama kwanza.

[20:40] Shangazi Zena: Jaketi bado halina mwenyewe. Mpaka sasa aliyetuma ni Baba Kulwa peke yake. Hamisi, wewe lini?