Mafundi wa mawe Tanga, mnabandika juu ya hewa halafu lawama mnalitupia jiwe!

Wakuu, leo sitapunguza maneno.

Kazi ni kibaraza cha nyuma na njia ya kutoka getini, nyumba iko Sahare. Mawe bapa, mazuri, nimenunua mwenyewe. Masika hata hayajaisha, mawe yanacheza. Ukikanyaga pembe hii, ile inanyanyuka na maji machafu yanakurukia hadi kwenye kanzu. Juzi nikachomeka mtarimbo chini ya moja. Likang'oka zima zima, mgongo mkavu, hauna hata alama ya saruji! Chini yake kuna madonge matano ya udongo wa fundi (mchanga na saruji), manne pembeni na moja katikati, yamepangwa kama maandazi kwenye sinia. Kwingine kote ni uwazi, sisimizi wameshahamia.

Nampigia fundi, ananijibu: "Shekhe, mawe ya asili ndivyo yalivyo, yanapumua."

Yanapumua?

Jiwe la asili halina unene mmoja. Hili sentimita 2, la pembeni yake 4. Ndiyo maana linalazwa kwenye udongo uliotandazwa wote, unaongeza hapa, unapunguza pale, mgongoni unapaka uji wa saruji, kisha unaligonga kwa nyundo ya mpira. Likitoa mlio wa debe tupu, linyanyue uanze upya. Madonge yanaacha uwazi, maji yanaingia, uzito wa mtu ukija pembeni jiwe linabanduka au linapasuka. Hapo kuna kupumua gani?

Na huko chini zaidi ndiyo aibu. Alikwangua majani akamwaga mchanga, basi. Nilimuuliza moramu iko wapi, akasema ardhi ya hapa ni ngumu. Inatakiwa kifusi cha moramu kama sentimita 10, kimwagiwe maji na kushindiliwa kwa mashine. Kushindilia kwake yeye ni kibarua kupitapita na ndala.

Slopu nayo inaelekea mlangoni. Sentimita moja na nusu tu kwa kila mita, kwenda bustanini, ingetosha. Pimamaji alikuwa nayo, nimeiona kwa macho yangu, imelala kwenye toroli toka asubuhi mpaka jioni.

Mchanga kumbe ulichotwa ufukweni. Una chumvi, sasa jointi zote, yaani nafasi za kati ya mawe, zimeota weupe. Dawa yake eti ni tindikali! Jirani yangu alimwagiwa tindikali kwenye mawe ya chokaa, yakachemka povu, ule uso laini ukaliwa wote. Asiguse changu.

Kinachonichefua zaidi, anataka laki mbili za "kujointi upya". Ujointi nini wakati jiwe linacheza? Ufa utarudi palepale mvua ya kwanza. Nimemwambia aje na mtarimbo, ang'oe yote, aanze na kifusi, kwa gharama zake. Tangu hapo simu inaita tu.

Mwenye fundi wa mawe anayeijua kazi, Tanga mjini au hata Muheza, anipe namba PM. Ila nitataka kwenda kukanyaga kazi yake iliyopigwa na masika mawili. Picha za WhatsApp za siku ya kukabidhi msinitumie, hata hii yangu siku hiyo ilipendeza.